Tarehe Mbili Katika Daftari Moja: hotuba kwa wenye biashara ndogo wanaojitengenezea programu

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wa wenye biashara ndogo. Waliokosa kufika wameniomba maneno yangu, nami nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa na la maana zaidi ya kuonyesha mwandiko wangu mbaya.

Ndugu mwenyekiti, waandaaji, na ninyi wafanyabiashara wenzangu mliofunga kazi mapema ili mje hapa, asanteni. Najua saa moja ya mtu mwenye biashara ndogo ina uzito gani. Siwezi kuwarudishia, ila nitajitahidi nisiichezee.

Nawaomba mnyooshe mikono. Nani hapa ana daftari la kazi? Sisemi lile la kuwaonyesha wakaguzi. Nasema lile lenyewe, lenye kona zilizokunjamana. (Mikono karibu ya ukumbi mzima.) Haya. Na nani amewahi kununua programu ya kompyuta au ya simu, akailipia, akaitumia wiki tatu, kisha akarudi kwenye daftari? (Mikono ileile, na kicheko.)

Basi tumeelewana. Leo nazungumzia daftari hilo.

Mnajua kilichotuleta. Zimeingia zana za akili mnemba ambazo unaiambia kompyuta kwa maneno ya kawaida, "nataka programu ya kupokea oda, inayonionyesha nani hajalipa na inayomkumbusha mteja", na baada ya dakika chache inakuwekea skrini, fomu, vitufe na hifadhidata, yaani ghala la taarifa zako, nyuma yake. Msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, huandiki, au unagusa kidogo tu. Ukitaka kitufe kihamie kulia, unasema kihamie kulia. Mimi nimekula jasho langu kwa kuandika programu kwa mkono, mstari baada ya mstari, na nawaambia kwa moyo mweupe kwamba hili ni jambo kubwa. Sikuja kuwatisha, na sina cha kuwauzia. Nimekuja kuwaambia kazi imehamia wapi. Maana kazi haikuisha, ndugu zangu. Imehama.

Niwasimulie.

Kuna mama mmoja, fundi cherehani, ana mafundi wanne chini yake. Aliniita nimsaidie kuachana na daftari. Tukakaa jioni moja na mojawapo ya zana hizi: yeye anasema, mimi nachapa. Mteja anakuja, anapimwa, analeta kitambaa, analipa kianzio, anaambiwa tarehe, anachukua nguo, anamaliza deni. Kabla hatujaondoka mezani programu ilikuwa inafanya kazi kwenye simu yake. Ilikuwa na sehemu ya vipimo, ilikuwa na picha ya kitambaa, na tarehe ikifika inamtumia mteja ujumbe. Mama akapiga makofi. Mimi nikarudi nyumbani nikijiona shujaa.

Wiki ya pili simu ikalia. "Mwanangu, hiki kitu chako kinanivunjia heshima."

Kumbe wateja walikuwa wanakuja kuchukua nguo ambazo hazijatiwa vifungo. Mmoja alikuta gauni lake liko mezani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa pini. Na simu yake mkononi ina ujumbe: nguo yako iko tayari.

Nikaenda. Nikamwomba daftari, jambo ambalo ningelifanya ile jioni ya kwanza kama ningekuwa na akili. Akalifungua. Kila oda ilikuwa na tarehe mbili. Moja kwa wino mwekundu, moja kwa wino wa bluu, na ya bluu iko siku tatu mbele. Nikamwuliza mbona mbili. Akanitazama kama mtu anayeulizwa mbona ana miguu miwili. Nyekundu ni ya mafundi. Bluu ni ya mteja. Zile siku tatu katikati ni za vifungo, za pasi, za umeme kukatika, za fundi kuuguliwa na mtoto. Miaka ishirini anafanya hivyo.

Programu ilikuwa na tarehe moja. Alipokuwa anaingiza kazi aliiandika ile nyekundu, kwa kuwa ndiyo huanza kuiandika. Na programu, kwa uaminifu wake wote, ikamwarifu mteja siku ya tarehe nyekundu.

Sasa niwaulize: nani aliiambia mashine kwamba kuna tarehe mbili? Hakuna. Mama hakusema, kwa sababu katika miaka ishirini hajawahi kuhitaji kumwambia mtu. Mimi sikuuliza, kwa sababu ya haraka na majivuno. Na mashine haikuuliza.

Subirini, bado. Kando ya baadhi ya majina palikuwa na kiduara kidogo cha penseli. Nikauliza. Mama akacheka. "Hao huchelewa kulipa, lakini hulipa. Usiwasumbue. Asiye na kiduara na hajalipa, huyo ndiye wa kufuatwa." Je, programu yetu ilikuwa inafanya nini? Ilikuwa inamtumia kila mdaiwa ujumbe uleule, kwa ukali uleule, kila Jumatatu asubuhi. Watu waliomletea kazi miaka kumi wakaanza kuuliza kuna nini.

Nani aliiambia mashine habari za kiduara? Hakuna. Na mashine haikuuliza.

Hili ndilo neno langu la leo, na mkisahau mengine yote, bakini na hili: programu ni sheria za kazi yako zilizoandikwa mahali pa kutekelezwa. Sheria ambayo hukuisema, mashine itakutungia.

Itakutungia kutoka wapi? Hapa nitaingia kidogo jikoni. Ndani ya zana hizi mna mtambo wa lugha uliosomeshwa maandishi na misimbo mingi mno. Kazi yake ni kukisia: baada ya maneno haya, kwa kawaida hufuata nini? Ukisema "programu ya oda", inakuletea umbo la programu za oda nyingi zilizowahi kuandikwa. Mteja, bidhaa, kiasi, tarehe moja, hali ya oda. Ni umbo zuri. Ni wastani wa kazi za watu wengine. Lakini yule mama hakudumu miaka ishirini kwa kuwa wastani. Alidumu kwa zile siku tatu na kile kiduara. Yaani kinachokufanya wateja wakurudie, mara nyingi ndicho hichohicho usichokisema, na ndicho hichohicho mashine isichoweza kukikisia.

Zamani, ulipomwita mtengenezaji programu, alikuwa anakuuliza maswali mpaka unachoka. Mlikuwa mnatuona wasumbufu. Najua, mliniambia wengine mko hapa! (Kicheko.) Yale maswali ndiyo yalikuwa nusu ya kazi. Zana mpya imechukua ile nusu ya kuandika, ikakufanyia kwa dakika. Nusu ya kuuliza imebaki chini, hakuna aliyeiokota.

Tuiokote. Njia ninayoitumia sasa ni nyepesi mno. Kabla haijatengeneza chochote, naiandikia: usijenge bado, kwanza niulize maswali ishirini kuhusu kazi hii, hasa kuhusu mambo yanayokwenda kombo. Zana nyingi zikiamriwa hivyo zinauliza vizuri kuliko mimi. Mteja akilipa nusu? Akirudisha? Wateja wawili wakiwa na jina moja? Fundi akiharibu kitambaa, nani analipa? Kazi ikifutwa baada ya kianzio? Kisha, na hili mashine haikusaidii, kaa na daftari lako ukurasa kwa ukurasa. Kila alama, kila mstari uliokatwa, kila kitu kilichoandikwa pembeni, jiulize: hii ni sheria gani?

Kuna swali huulizwa kila nipitapo: tuiambie kwa Kiswahili? Iambieni. Inaelewa, na mtu huifafanua kazi yake vizuri zaidi katika lugha anayoifanyia kazi. Ila chungeni maneno yenye sura mbili. Ukisema "kodi", ni ya serikali au ya pango? Ukisema "kutoa", ni kukabidhi mzigo au ni hesabu ya kupunguza? Mimi niliwahi kuandika "deni la mteja" bila kufafanua, na zana ikaelewa kwamba hata mteja aliyelipa zaidi, ambaye sisi ndio tulipaswa kumrudishia, naye ni mdaiwa. Ikamwandikia barua ya kumdai. Alikuja nayo mkononi ameikunja mara nne. Siku hizi nasema "fedha ambazo mteja bado hajatulipa" na "fedha za mteja zilizo kwetu". Ni ndefu, haina mvuto, na haijanigombanisha na mtu.

Wako wanaodhani jambo hili la mwenye kazi kujitengenezea programu limezaliwa jana. Niruhusuni nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa pia katika jeshi la wanamaji, alitengeneza programu aliyoiita A-0, ya kumsaidia mtu kuunganisha maagizo ya kompyuta bila kuyaandika yote upya kwa tarakimu. Baadaye akashikilia kwamba wafanyabiashara waweze kuiagiza kompyuta kwa maneno ya kawaida. Kazi yake ikawa msingi mkubwa wa lugha ya COBOL, iliyoanza kubuniwa 1959, yenye maagizo yanayosomeka kama sentensi. Je, wahasibu wakaanza kuandika programu zao? Hapana. Ikazaliwa kazi mpya, ya waandishi wa COBOL.

Aliyefanikiwa kweli alikuja baadaye. Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, akimtazama mwalimu ubaoni. Mwalimu akibadilisha namba moja, anafuta na kuandika upya zote zinazoitegemea. Bricklin akawaza: laiti ubao ungejihesabia wenyewe. Yeye na Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta linalojihesabia, iliyotoka mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II. Hiyo ndiyo bibi wa Excel mnayoijua. Nani hapa amewahi kuandika fomula ya kujumlisha safu nzima? Wote? Basi ninyi nyote ni watunga programu, na hamkupewa cheti.

Mwaka 2014 kampuni ya utafiti ya Forrester ikazipa zana za msimbo kidogo, zile za kujenga programu bila kuandika msimbo mwingi, jina linalotumika hadi leo. Novemba 2022 ikaja ChatGPT, mashine ya akili mnemba unayozungumza nayo kwa maandishi. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, akaelezea mtindo wa kuiachia mashine msimbo wote, hata kuusoma huusomi, akaupa jina ambalo mimi nalitafsiri "kutunga kwa mzuka". Watu wakalidaka jina. Wakasahau kwamba mwenyewe aliusifia kwa miradi midogo ya mwisho wa juma, ile ya kutupa.

Kwa nini nawachosha na tarehe hizi? Kwa sababu lahajedwali imetupa zaidi ya miaka arobaini ya kujifunza nini hutokea mwenye kazi akijitengenezea chombo. Na jambo kubwa tulilojifunza ni hili: chombo chako hakitakuambia kinapokosea.

Mwaka 2020, wakati wa korona, Uingereza ilikuwa inakusanya matokeo ya vipimo kutoka maabara. Faili zilipitishwa kwenye Excel ya muundo wa zamani, ule ambao karatasi moja haiwezi kuzidi mistari 65,536. Mistari iliyozidi ikaachwa nje. Watu 15,841 waliokutwa na virusi hawakuingia katika hesabu za kila siku, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na wale waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Tafakarini hilo. Kompyuta haikuzimika. Skrini haikuwa nyekundu. Kila siku ilitoka namba, na namba ilikuwa na sura ya namba.

Programu inayoanguka kwa kishindo ni rafiki. Inayokosea kimyakimya ndiyo adui. Na mashine ya akili mnemba ina kipaji cha kutengeneza kitu kinachopendeza machoni. Rangi zimekaa sawa, grafu inapanda, na jumla si sahihi.

Mfano mdogo, mwaweza kuujaribu wenyewe. Katika lugha nyingi za kompyuta, ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Si ubovu. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa hesabu hiyo, kama sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi kwa desimali. Ukizidisha hilo kwa malipo elfu kadhaa, siku moja hesabu inakataa kufunga kwa senti moja na hujui imekwenda wapi. Dawa ipo, ni ya sentensi moja: iambie zana itunze fedha kwa namba nzima, kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu yenu. Mtunga programu mzoefu analijua hili usingizini. Mashine nayo inalijua, ukiuliza. Usipouliza, bahati yako.

Basi tufanyeje? Chukueni oda kumi za zamani kutoka daftarini, ambazo majibu yake mnayajua. Chagueni zile za fujo: aliyelipa mara tatu, aliyerudisha, aliyebadili namba ya simu katikati, aliyepewa punguzo kwa sababu ya msiba. Ziingizeni. Majibu yalingane na daftari mpaka senti ya mwisho. Na mzitunze kumi hizo, maana kuna tabia mtaiona: unaiomba zana irekebishe tarehe, inarekebisha tarehe, na njiani inaharibu punguzo. Kila ukibadilisha kitu, zile kumi zinapita tena. Zote, hata kama ulichobadilisha ni rangi. Mwezi wa kwanza, daftari na programu viende pamoja. Jioni linganisha jumla. Najua ni kazi mara mbili. Mwezi mmoja tu.

Nije kwenye mlango. Nani anaingia?

Agosti 2021 kampuni ya usalama ya UpGuard ilitangaza kwamba imekuta kumbukumbu milioni 38 ziko wazi kwenye intaneti, kutoka mashirika 47, zikiwamo serikali za majimbo ya Marekani na kampuni kubwa. Majina, namba za simu, taarifa za chanjo. Zote zilikuwa katika programu zilizojengwa kwa zana moja ya msimbo kidogo, Power Apps ya Microsoft. Nani alivunja mlango? Hakuna. Mlango haukufungwa. Mpangilio uliokuja na zana uliruhusu orodha zisomwe na yeyote iwapo mjenzi hakuwasha ruhusa za majedwali, na wajenzi hawakuwasha. Baadaye Microsoft ilibadili mpangilio huo.

Hao walikuwa na idara za kompyuta. Wewe na mimi je?

Vipimo vya mama yule, jamani. Namba za simu za wateja wake, majina, nani anadaiwa nini. Hivyo si vyake peke yake, amekabidhiwa. Kwa hiyo kabla hamjampa mteja hata mmoja anwani ya programu yenu, fanyeni haya. Fungueni anwani hiyo kwenye simu ya mtu mwingine, ambayo haijawahi kuingia. Kama inaonyesha chochote zaidi ya ukurasa wa kuingilia, simama hapo. Kisha ingia kama mteja wa kawaida, fungua oda yako, tazama anwani juu. Mara nyingi utaona inaishia na namba, tuseme 57. Iandike 58. Ukiona oda ya mtu mwingine, programu yako ni chumba chenye mlango na hakina kuta. Nimefanya jaribio hili kwenye programu za watu wengi, nami hunyamaza kwanza kabla ya kuwaambia walichonacho, kwa sababu hupauka nyuso.

Na namba za kadi za benki za wateja, usizihifadhi. Sitalieleza kwa kirefu. Usizihifadhi. Malipo yapitie kwa wanaoifanya kazi hiyo. Hesabu za mishahara na kodi ya serikali vilevile, nunua programu iliyokwisha tengenezwa. Jengeni kile kilicho chenu peke yenu, zile tarehe mbili. Kisicho na tofauti kati yako na jirani, nunua.

Na nani anafuta? Julai 2025 Jason Lemkin, mwekezaji anayejulikana katika biashara ya programu, alikuwa anajenga programu kwa zana ya kampuni ya Replit, akiandika hadharani kila siku alipofikia. Alikuwa ameiamuru isibadilishe chochote bila ruhusa. Ikaifuta hifadhidata iliyokuwa inatumika. Kisha ikamwambia haiwezi kurudishwa. Alipojaribu mwenyewe kuirudisha, ikarudi. Mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi na kueleza hatua za kutenganisha hifadhidata ya kujengea na ile inayotumika.

Mnaliona la ajabu hapo? Amri aliitoa. Aliisema wazi. Kwa hiyo hata baada ya kujifunza kusema, kuna mahali maneno hayatoshi, panahitaji ukuta. Mashine ijenge kwenye nakala ya majaribio, yenye wateja wa kubuni. Takwimu halisi isizifikie inapojenga. Na kila wiki toa nakala ya data yako, iweke mahali ambapo zana hiyo haina ufunguo. Halafu mara moja moja ijaribu: je, inafunguka? Wengi hutunza nakala miaka miwili, siku ya shida wanakuta faili tupu.

Nakala hiyo ina kazi nyingine. Zana nazo hufa. Google walikuwa na App Maker, ya watu kujijengea programu za kazini. Waliifunga Januari 19, 2021. Amazon wakafungua Honeycode mwaka 2020. Februari 29, 2024 ikafungwa. Hizo ni kampuni mbili miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na zote zilitoa notisi. Ndogo inaweza isikupe hata notisi. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hujaingiza mteja wa pili, tafuta kitufe cha kutoa data yako yote kwa faili ya kawaida, CSV, ile ambayo hata Excel huifungua. Kibonyeze. Fungua faili, hesabu mistari. Kama kitufe hakipo, umepangisha nyumba ambayo fanicha zako haziwezi kutoka mlangoni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namaliza na mama.

Tulirudi mezani. Safari hii daftari lilikuwa katikati, na simu pembeni. Ilituchukua siku tatu badala ya jioni moja, na nyingi ya siku hizo hatukugusa zana hata kidogo, alikuwa anasimulia tu. Programu sasa ina tarehe mbili. Mafundi wanaiona nyekundu, mteja anaiona ya bluu, na ujumbe hautoki mpaka mama mwenyewe aguse kitufe baada ya kuikagua nguo. Aliomba kitufe hicho kiwe kikubwa, kwa sababu ya macho. Zana ilikifanya kikubwa kwa sekunde chache, na nakiri kwamba mimi zamani ningemtoza kwa hilo.

Daftari hakulitupa. Nilipita kwake hivi karibuni nikaliona juu ya cherehani, na penseli ndani. Nikamwambia, mama, tuliweka sehemu ya kiduara kwenye programu, mbona huijazi? Akashusha sauti, ingawa tulikuwa peke yetu.

"Mwanangu, wateja siku hizi wanachungulia skrini."

Haya, maswali.